Nimezoea Kuongea na Visogo

Shangazi mpendwa,

Nisaidie, na kama utanigombeza nigombeze tu, ila usiitupe barua yangu, maana sina mwingine wa kumwandikia, na jambo hili nimekaa nalo siku tisa sasa na chakula hakipiti.

Mimi ni msusi, nina miaka ishirini na tisa, nilianza kusuka mama alipofariki na shule ikaishia hapo, na saluni ninayofanya kazi sasa ina viti vinne, changu ni kile cha dirishani, na kama hujawahi kusuka, Shangazi, acha nikueleze kitu kimoja ili unielewe: msusi hamtazami mtu usoni. Mteja anakaa, mimi nasimama nyuma yake masaa matatu, masaa matano, siku nyingine kutwa nzima, naongea na kisogo na kisogo kinanijibu, na mtu akishakuwa haoni uso wako anasema mambo ambayo hata daktari wake hayajui. Ninajua nani mtaani anataka kumwacha mume na nani ameachwa bado hajajua. Halafu nikimaliza wanasimama, wanajitazama kwenye kioo, wanageuza kichwa huku na huku, wanasema asante dada, wanaondoka. Nina wateja wa miaka minane ambao wakinikuta sokoni sijavaa aproni wananipita kama nguzo ya umeme, na siwalaumu, wataujuaje uso wangu. Nikifunga kazi narudi chumbani kwangu nawasha redio ili pawe na mtu anayeongea, na kuna Jumapili moja ilifika alasiri sijatamka neno, nikaenda dukani kununua chumvi ambayo sikuihitaji, ili tu nimwambie mtu naomba chumvi.

Sasa nikueleze ilivyoanza. Wanawake wengi wakikaribia kujifungua huja kusuka ili wakiwa wodini nywele zisiwasumbue, nimewasuka wengi sana, na miaka sita iliyopita alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, tumbo liliingia saluni kabla yake, akataka rasta ndogo ndogo, zile za kutwa. Baada ya kama masaa mawili nikahisi shingo yake inakaza chini ya vidole vyangu, kisha inalegea, nikasuka rasta tatu ikakaza tena, nikasuka tatu nyingine ikakaza, halafu zikawa mbili, na yeye anasema ni mgongo tu, nimekaa sana, mimi nikaanza kutazama saa ya ukutani, dakika nane, saba, sita, nikamwambia dada tunaacha hapa twende hospitali, akakasirika, akaniuliza nitaendaje huko na kichwa nusu, tukabishana mpaka nikachukua mkoba wake nikatoka nao nje, ikabidi anifuate. Mkunga aliyetupokea akatajiwa zile dakika, akampima, akauliza nani alikuwa anahesabu, nikasema ni mimi, msusi wake, akaniambia umehesabu vizuri, njoo usimame hapa umshike. Mtoto akazaliwa kabla ya saa moja kuisha. Lakini hiyo ni kazi tu, Shangazi, yeyote mwenye vidole angehisi, na haina kilio ndani yake, kwa hiyo sikuona kama ni habari ya kuwaambia wasomi. Ila ndiyo iliyonipa wazimu wa kurudi shule nikiwa mtu mzima, nikasoma jioni, nikafanya mitihani, nikafeli kemia, nikarudia, nikafaulu, nikaomba chuo kikuu kusomea ukunga, na mwezi uliopita nikaitwa kwenye usaili.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti mwenye mvi, mhadhiri wa kike, na baba mmoja pembeni ambaye alikuwa anaandika tu. Kiti changu kilikuwa katikati ya chumba, peke yake, hakuna hata meza mbele yangu, mikono haina kazi, nyuso tatu zinanitazama, na nilikuwa nimekariri majibu kurasa nne. Mwenyekiti akasema kwa upole kabisa, "Karibu, binti. Hebu tuambie, kwa nini ukunga?" Kurasa zote nne zikayeyuka. Magoti yakaanza kugongana mpaka nikaona yule mhadhiri ameyatazama, na ndipo nikasikia sauti yangu inasema, "Ni kwa sababu ya dada yangu."

Mimi sina dada, Shangazi. Mama yangu alizaa mtoto mmoja, ni mimi.

Nilichokisema ni cha mteja wangu, mama mwenye duka la vitambaa, ambaye zamani alipoteza mtoto wakati wa kujifungua. Aliachwa peke yake chumbani, akaita hakuna aliyekuja, na siku moja nikiwa namsuka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwishowe aliacha kuwaita wauguzi akawa anamwita mama yake, ambaye alishakufa, na kwamba hilo hajamwambia mtu yeyote, hata mumewe. Na mimi nikalisema. Nikasema dada yangu, tumbo moja, nikasema nilifika nimechelewa, nikasema hata hilo la kumwita mama. Mhadhiri akavua miwani akajifuta macho, na yule baba akaacha kuandika. Na nitakuambia kitu kinachonitia aibu kuliko uongo wenyewe: nilifurahi. Watu watatu walikuwa wananitazama mimi, wananisikiliza mimi, hakuna aliyekuwa anajiangalia kwenye kioo, na magoti yaliacha kutetemeka, na nilitamani wasifike mahali pa kuniambia asante.

Sasa wameniandikia kwamba nimepita, nirudi Jumanne ijayo kwenye usaili wa mwisho, na nije na ukurasa mmoja nimeandika kuhusu siku ile ya dada yangu, wataniuliza maswali juu yake. Nafasi ni kumi na mbili tu. Na kwenye fomu niliyojaza mwanzoni waliuliza ndugu wangapi, nikaandika hakuna, kwa mkono wangu. Halafu huyo mama wa vitambaa ni mteja wa Jumamosi hii asubuhi, na aliposikia nimepita alifurahi kuliko mimi, ametangaza mtaa mzima, juzi amenipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, laiti ungekuwepo siku zile, ungenishika mkono." Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata.

Je, niuandike huo ukurasa vizuri niukariri ili nisijikanganye? Au nisiende kabisa, nibaki na visogo vyangu? Na kama nikienda, nifanyeje nisitetemeke, maana mbele ya nyuso sijui pa kuweka macho wala mikono. Bosi wangu ananiambia jiamini tu. Wenzangu wananiambia tafuna jojo. Naomba jibu lako haraka.

Mimi,
Msusi wa kiti cha dirishani

*

Msusi wa dirishani,

Barua yako imenifikia Jumatatu na nimeirusha mbele ya foleni ndefu ya watu wenye shida za wachumba, watanisamehe, wachumba wao watakuwepo hata wiki ijayo. Sitaichapa gazetini, siri ya mtu imo ndani; jibu hili nakutumia kwa anwani ya nyuma ya bahasha yako, litakufikia Ijumaa. Una siku nne. Weka kitana pembeni unisikilize.

Kwanza nikugombeze, maana umeomba mwenyewe. Kudanganya mbele ya jopo ni kosa, lakini si wewe wa kwanza. Kabla sijawa Shangazi wa gazeti nilifanya kazi chuoni miaka kumi na moja, nikikaa kwenye kona za vyumba vya usaili kuandika kumbukumbu za jopo. Kazi ya yule baba uliyemwona anaandika tu ndiyo iliyokuwa yangu. Nimesikia mambo humo. Kuna kijana alimzika baba yake mbele yetu kwa machozi ya kweli, na baba mwenyewe amekaa nje kwenye benchi na chupa ya maji akimsubiri. Kwa hiyo uongo wako haujaniangusha kitini.

Kilichonikera ni kingine. Yule mama alikupa kitu ambacho hata mume wake hana. Alikupa wewe, kwa sababu alikuamini. Ukakichukua ukawapa watu watatu asiowajua, ili wakutazame kwa dakika kumi. Ungeweza kudanganya kwa kitu cha kubuni, ukabuni hata shangazi mgonjwa, sisi mashangazi tumezoea kutajwa wagonjwa kwenye visingizio vya watu. Lakini ulikwenda kufungua pale alipofunga yeye. Hilo ulijue hivyo lilivyo, usilipambe.

Haya. Nimemaliza kugomba, sasa vuta pumzi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye ile chumvi nikashindwa kuendelea, nikaenda kwanza kujichemshia chai. Miaka yote hiyo watu wanakueleza maisha yao na hakuna aliyegeuza shingo akauliza, na wewe je? Halafu ghafla unakalishwa mbele ya watu wazima watatu wanaosema hebu tuambie. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa hana jibu mfukoni. Ulichukua lililokuwa karibu. Nakuelewa, na nakuonea huruma, na bado ulikosea.

Ila, mwanangu, hivi wewe unajisoma unapoandika? Umenieleza habari ya mwalimu wa kichwa nusu, umehesabu uchungu wa mwanamke kwa rasta, tatu, tatu, mbili, umeuona kabla yeye mwenyewe hajaukubali, ukaiba mkoba wake ili umwokoe na ubishi wake, kisha ukaifunika habari yote kama sufuria iliyoungua na kusema hiyo ni kazi tu. Yeyote mwenye vidole angehisi? Mimi ninavyo kumi, nisingehisi kitu, ningemwambia anyooshe mgongo. Mkunga mwenye kazi yake amekuambia umehesabu vizuri, na wewe ukaona wasomi watataka kilio. Nikuambie walivyo wasomi. Mgombea akitoka, mlango ukifungwa, wanaulizana swali moja: huyu tukimwacha na mgonjwa, ataona? Machozi yanawagusa, ndiyo, lakini mpaka jioni wameshalizwa na watu sita na hawakumbuki nani ni nani. Yule wa kuhesabu kwa rasta wangemkumbuka mpaka anastaafu.

Sasa fanya hivi.

Ukurasa wa dada usiuandike. Usikariri, usipunguze, usiseme labda nitasema alikuwa dada wa hiari. Fomu yako iko ndani ya faili na faili liko mezani kwao, na anayesoma fomu ni yule anayeandika, nakuambia kwa sababu nilikuwa nazisoma zote. Inawezekana bado hajaiona ile "hakuna" yako. Inawezekana ameshaiona, na ndiyo maana wameomba ukurasa. Lakini hata kama fomu ingekuwa imeungua moto ningekuambia hivi hivi, maana ukiingia chuoni kwa kifo cha mtoto wa yule mama, kila utakapomshika mzazi mkono utakuwa unajua.

Leo jioni andika ukurasa mwingine. Mistari ya kwanza iwe ya kukiri: habari niliyowaeleza haikuwa yangu, sina dada, ni ya mtu aliyeniamini, nilishikwa na woga nikaitumia, naomba radhi na naomba isirudiwe nje ya chumba kile. Basi. Usijieleze kwa kurasa tatu. Baada ya hapo andika habari ya mwalimu, kama ulivyoniandikia mimi, na dakika zake. Jumatatu asubuhi upeleke ofisi ya udahili mwenyewe, kwa mkono, uombe uingizwe kwenye faili lako, ili Jumanne ukiingia wawe wameshasoma.

Huenda wakakukataa. Sitakudanganya juu ya hilo. Nimeona jopo likimkatalia mtu mkweli na nimeona likimpa nafasi kwa kura moja. Ukikataliwa utaomba tena mwakani, kemia ulirudia hukufa.

Kabla ya Jumatatu kuna Jumamosi, na hii ni ngumu zaidi. Mama wa vitambaa akifika, usimkalishe kwenye kiti chako. Vuta kile kibao cha kuoshea nywele au chochote kilichopo, ukae mbele yake, magoti kwa magoti, mikono yako ikiwa mitupu. Usimwambie ukiwa umeshika nywele zake, maana mtu aliyeshikwa kichwa hana uhuru wa kukasirika. Mwambie yote, hata hilo la kumwita mama yake, usilifiche kwa kudhani unamhurumia. Kisha nyamaza. Anaweza kulia. Anaweza kusimama akaenda kusukwa kwingine maisha yake yote, na akifanya hivyo usimkimbilie nje kumwomba akuelewe, mwache aende, ni haki yake. Usimuulize pia kama uende kwenye usaili au usiende. Huo ni uamuzi wako, usimtwishe.

Kuhusu kutetemeka. Miaka kumi na moja niliandika sababu za kukataa watu, na sijawahi hata siku moja kuandika "alitetemeka." Mikono iweke mapajani, ionekane, ikitetemeka iache itetemeke, itachoka. Usitafune jojo, wewe si mbuzi. Ukiulizwa swali usilirukie: lirudie polepole kwa maneno yako, uliza kama umelielewa, hapo umeshapata nafasi ya kupumua na hakuna aliyeona. Ukikwama, sema nimekwama, naomba nianze upya. Usichokijua sema sikijui na ningependa kukijua, jibu hilo halijawahi kumfelisha mtu kwenye kumbukumbu zangu. Macho mpe yule anayeuliza, na ukimaliza jibu wape na wengine. Na usijibu swali kwa kuwauliza wao habari zao, ninyi wa saluni nawajua, mtu akiwauliza hamjambo mnataka kujua watoto wake wanasoma wapi.

Tena anza mazoezi kesho. Kila mteja atakayekuja, dakika mbili za kwanza simama mbele yake, si nyuma. Mtazame unapomuuliza anataka mtindo gani. Mwambie kitu kimoja chako, kidogo tu, kwamba umelala vibaya, kwamba viatu vipya vinakubana. Wengine watashangaa. Wengine watakuuliza vinakubana wapi, na utaona kwamba kujibu hakuui. Nilitakiwa kukuambia haya ni mazoezi ya usaili, lakini wewe na mimi tunajua hayataishia Jumanne.

Siku yenyewe fika mapema, ujue mlango, ujue choo, kunywa maji. Pale nje utakuta wenzako wanakariri kama kasuku. Wasalimie, kisha kaa mbali nao kidogo. Ukiitwa, ingia, sema habari za asubuhi, na kabla hujakaa sema sentensi moja: "Nadhani mmesoma ukurasa wangu, niko tayari kujibu lolote." Kisha kaa. Kile kiti katikati ya chumba, kilichokutisha mwezi uliopita, ni kiti tu.

Ukitoka humo usiende moja kwa moja chumbani ukawashe redio. Namba ya gazeti iko chini ya ukurasa huu. Jumanne niko mezani kwangu mpaka saa kumi jioni, na nimeshamwambia wa mapokezi kwamba akipiga msusi apitishwe hata kama niko kwenye mkutano. Kwanza utaniambia wewe u mzima. Ndipo utaniambia wamesemaje.

Shangazi